Kitovu cha Ambrose

Mjukuu wangu nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa mgongoni mwa mwanamke mwingine. Mwanamke huyo alikuwa ameinamia jiko la mkaa kando ya barabara, anageuza ndizi kwa vidole vitupu, na kila alipoinama kichwa cha mtoto kiliyumba, nami moyo ukayumba nacho. Mbeleko ilikuwa kitenge changu. Nilikinunua mwenyewe Kayanga, siku ya soko, nikampa binti yangu Noela alipoondoka nyumbani kwenda Kampala kusuka nywele za watu. Nilikitambua kitenge kabla sijamtambua mtoto.

Noela, aliyekuwa amenipokea stendi na sasa amebeba begi langu kichwani, akaniambia yule ndiye Ambrose. Kisha akaongeza, kana kwamba ni neno dogo tu, kwamba yule aliyembeba ndiye mama. Nikamuuliza, mama wa nani? Akacheka, akasema mtaani wote humwita hivyo, jina lake hasa ni Nyirabageni. Mimi sikucheka.

Nisiseme uongo, kosa lilianza kwangu. Noela alipopata mimba, na mwanamume mwenyewe, dereva wa malori aitwaye Theoneste, akazima simu asipatikane tena, nilisema siendi. Kwetu Nyaishozi binti akijifungua uzazi wa kwanza, mama yake ndiye humwogesha kwa maji ya moto, humkanda tumbo, humpikia, na hamwachii ainue hata sufuria. Zamu ilikuwa yangu, na niliijua. Nikasusa. Nikasema kanisani watanitazamaje, mimi Placida ninayewafundisha watoto wa Jumapili. Wiki saba nzima nikasusa.

Kilichoniinua ni picha. Jirani yangu Deodatha, mwanamke asiye na dogo, alinifungulia simu yake akanionyesha Noela kaketi kitandani anacheka, na ubavuni mwake jimama limempakata mtoto, limejaa tele kitandani pale nilipopaswa kuketi mimi. Deodatha akauliza huyu naye nani, mbona kama bibi wa mtoto. Wiki hiyohiyo nikaenda kufuatilia karatasi ya kusafiria. Watu wakasema uchungu wa mzazi huo. Haukuwa uchungu, ulikuwa wivu mtupu, nikavuka nao mpaka wa Mutukula na hakuna ofisa aliyeuliza nimebeba nini.

Mume wangu, Desderius, hakunipa maneno mengi. Alinituma jambo moja tu: nirudi na kitovu cha mtoto. Kwetu kitovu kikidondoka huzikwa shambani, kwenye shina la mgomba. Vya wanangu wote viko pale nyuma ya nyumba, naweza kukuonyesha mgomba mmoja mmoja na mwenyewe. Mtoto ambaye baba yake hajatokea, kitovu chake kikizikwa kwetu, basi ni wetu, na hakuna atakayesimama kesho kumuuliza yeye ni wa wapi. Desderius alikuwa amekwisha kuchagua mgomba na kuchimba kishimo kabla sijapanda basi.

Siku mbili za kwanza niliwekewa kigoda karibu na lile jiko la ndizi, nikaitazama Kampala ikipita. Jamani, watu wale! Nilidhani kuna msiba mahali, au mechi imeisha, nikangoja wapungue. Hawakupungua. Pikipiki zilipanda hadi juu ya njia ya waendao kwa miguu, moja imepakia abiria watatu na kioo cha kabati, na yule wa nyuma anajitazama kwenye kioo. Mhubiri mwenye kipaza sauti alisimama bega kwa bega na muuza sumu ya panya mwenye kipaza sauti, kila mmoja akipandisha sauti ili kumzima mwenzake, hata usijue nani anakuahidi uzima na nani kifo. Juu ya lundo la taka walisimama ndege wakubwa wenye vipara, watulivu kabisa, wanangoja zamu yao. Wanaume walipita wakisukuma baiskeli zilizofunikwa mikungu ya ndizi hadi usione gurudumu. Niliitazama ile mikungu kwa jicho la mkulima nikamwambia kila aliyenisogelea kwamba kwetu mikungu myembamba kiasi kile tunawapa ng'ombe.

Niliyakuta na mengine yaliyonikera zaidi. Binti mmoja wa suruali ya kubana, kucha ndefu, alikuja kununua ndizi. Akapiga magoti hapo hapo kwenye tope la kando ya barabara akamsalimu Nyirabageni, akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Nilikuwa nimekuja tayari kulidharau jiji hili, na sasa linanipigia magoti. Na wote walimjua mwanangu. Waendesha pikipiki, muuza maparachichi, fundi cherehani wa barazani aliyemshonea Ambrose kofia kwa vipande vya vitambaa vya watu, kila mtu alikuwa Noela huku, Noela kule, mtoto kalalaje. Kule nyumbani waliouliza habari zake waliuliza ili wapate la kusema. Roho iliniuma. Nililionea wivu jiji zima, pamoja na wale ndege wake.

Lakini wivu wenyewe hasa ulikuwa na anwani. Siku ya kwanza tu Nyirabageni alinisalimu kwa Kinyambo safi, lugha yetu. Kumbe utoto wake ulikuwa Isingiro, Kyerwa, upande wetu wa mpaka, ambako mama yake alipalilia migomba ya watu kwa ujira, hadi walipohama. Kwa hiyo alijua kila kitu: maji yachemke kiasi gani, tumbo likandwe kuelekea wapi, mzazi asile nini. Alimfanyia mwanangu yote, tena vizuri, na Noela ametakata uso kuliko nilivyomwona tangu azaliwe. Ningefurahi angekuwa mgeni asiyejua lolote, nipate pa kukosoa. Nilipata sehemu moja tu: chumvi yake ni nyingi.

Ambrose akilia nilimwahi kumchukua. Akawa ananikakamalia mikononi kama ubao, uso umemwiva, hadi Nyirabageni apige ulimi kule jikoni, tk tk, mara mbili tu, naye ananyamaza na kugeuza shingo kuitafuta ile sauti. Jioni Noela akirudi kutoka saluni alitupigia magoti sote wawili, lakini alianza na yule aliye karibu na barabara. Nilijiambia ni kwa sababu ya njia. Nilijiambia hivyo siku mbili.

Nilipomuuliza Noela kuhusu kitovu, akasema kilipodondoka mama ndiye aliyekichukua, nimuulize yeye. Mdomo wangu ukagoma. Nimwombe mwanamke wa barabarani kitu cha damu yangu? Nikaamua kutafuta mwenyewe, wala sikutafuta sana. Nyuma ya vyumba vya kupanga, kati ya ukuta na mtaro wa maji machafu, palikuwa na mgomba mmoja, urefu wa mtu, mwembamba kwa ubaya wa udongo. Kila asubuhi, kabla hata hajawasha jiko, Nyirabageni aliupelekea maji ya kopo, akasimama pale kidogo. Mnyambo gani asingeelewa? Alikuwa ameshamzika mjukuu wangu kwake. Alikwisha kumfanya wa kwake.

Siku ya tatu Noela alikuwa kazini, Nyirabageni yuko kwenye ndizi zake, na mtoto kwa bahati amelala ndani. Nikachukua panga la kupasulia kuni, nikafunga khanga kiunoni, nikachimba. Kuchimba migomba si kazi ngeni kwangu. Nilizunguka shina, nikakata mizizi, nikaung'oa wote na tunguu lake nikaulaza pembeni, kisha nikapiga magoti nikaanza kuchambua udongo kwa vidole. Nikapata kifuniko cha soda. Nikapata kipande cha sahani. Barabara ilikuwa inapiga kelele zake zilezile, na mimi nilikuwa nachambua tonge moja baada ya jingine, nasema na nafsi yangu kwa sauti, maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto wangu wa Jumapili.

"Mama Noela, unatafuta nini?"

Alikuwa amekuja kuchukua mkaa. Nilimwambia bila kuinuka, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kitovu cha mjukuu wangu. Najua ulikizika hapa."

Aliutazama mgomba uliolala chini kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akaingia chumbani kwake. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili, jinsi tunavyompa mtu kitu cha heshima kule kwetu.

"Cha Ambrose hiki hapa. Waliniambia nikitupe, hapa mjini hakuna anayeweka. Nikasema hapana, mwenyewe atakuja."

Nilikipokea kwa mikono ya udongo. Nilikuwa nimeshinda, kitovu kiko mkononi, na laiti ardhi ingepasuka ningeingia. Nikauliza, kwa sababu ilibidi, na hapa kuna nini.

Akaketi kwenye ukingo wa mtaro. Akasema ni pa Vero, mwanawe. Vero aliishi mwaka mmoja na miezi minne. Mama yake Nyirabageni alikuwa amekwisha kufa, shamba la kumpelekea kitovu hakuwa nalo, wala Isingiro wala kwingine. Basi akaomba chipukizi kwa wale wa baiskeli za ndizi, akapanda hapo juu ya kitovu, miaka ishirini na ushei sasa. Mgomba wa kwanza ulishazaa ukakatwa. Nilioung'oa mimi ulikuwa wa kumi na nne kutoka shina lile.

Hakulia, na hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliinuka akausimamisha mgomba ndani ya shimo, akaushika kwa mikono yote miwili uwe wima, akaniomba nisukume udongo.

Huruma ilinishika, sitakataa. Lakini hata pale, kwenye tope, na aibu imenifika shingoni, wivu haukuondoka, ulihama tu. Migomba yangu kule nyumbani hunywa mvua Mungu anapopenda. Sijawahi hata siku moja kumpelekea Noela maji ya kopo. Yule mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne alikuwa amemwagiliwa kila asubuhi kwa miaka isiyopungua ishirini, na wangu mimi aliye hai nilimsusia wiki saba.

Ndani, Ambrose akaamka akaanza kulia. Nyirabageni aligeuza kichwa, ulimi ukawa tayari, nikauona. Akanitazama, akafunga mdomo. Alikuwa ananiachia. Kilio kikapanda, na sisi wawili tumesimama, yeye kaushika mgomba, mimi nimeshika fundo.

"Mwite," nikamwambia.

Akapiga ulimi mara mbili. Kule ndani kukawa kimya.

Nikamfikiria Desderius na kishimo chake, majani makavu aliyokifunikia ili kuku wasichakure, na namna atakavyosimama mlangoni kunitazama mikono nitakaposhuka kwenye pikipiki. Nikamfikiria Deodatha, ambaye atajua kabla ya jua kuzama. Sikujua nitawaambia nini.

"Sukuma basi," Nyirabageni akasema, "utalegea huu."

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Nikapiga magoti ukingoni mwa shimo, nikaanza kufungua lile fundo. Alikuwa amelikaza kweli kweli, ikabidi nitumie meno.