Pale Nanyori Alipoachiwa Mkono

Ukungu wa Meru ukishuka asubuhi, migomba ya huyu na ya yule huwa kitu kimoja, na ugomvi wa mpaka huonekana upuuzi mtupu. Bahati mbaya, ukungu huondoka.

Kipande kilichogombewa kilikuwa kati ya nyumba mbili: ya mzee Lengai kule juu, na ya mpwa wake Sumari huku chini. Miaka ya njaa watu walihama, na waliporudi walikuta masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yamemezwa na vichaka. Lengai alisema kipande ni cha baba yake. Sumari alisema ni cha marehemu baba yake yeye. Lengai akamwita mwizi, mbele ya watu. Kwenda Boma hakuna aliyethubutu, maana ukimwonyesha Mdachi ardhi inayogombewa, umemwonyesha ardhi. Shamba la Sumari la bondeni lilikuwa limeshachukuliwa na Mzungu wa kahawa. Akikosa na kipande hiki, angebaki kwenda kumlimia Mzungu yule yule, kwenye udongo uliokuwa wake.

Shahidi alikuwa mmoja tu: Nanyori, dada yake Lengai, mama yake Sumari. Maskini mama wa watu! Siku aliyoolewa, baba yake alimsindikiza kutoka nyumbani mpaka mwisho wa shamba lake, akaishia hapo. Lakini bibi harusi alikuwa amefunikwa ngozi kichwani. Hakuona kitu.

"Nakumbuka mkono tu," alimwambia mwanawe jioni, wakimenya ndizi. "Baba alinishika njia nzima. Alipofika mpakani akaniachia."

Neno hilo hakumwambia mtu mwingine. Labda aliona aibu. Labda alitaka mwanawe alijue peke yake; mama ni mama. Sumari aliendelea kumenya.

Wazee wa ukoo wakaamua Nanyori afunikwe tena, atembee njia ile ile, huenda miguu ikakumbuka, na atakaposema "hapa" pawe hapo.

"Mwanawe ndiye amshike mkono," alisema Lengai kwa kiburi. "Sitaki kuja kuambiwa nilimvuta."

Wakamfunika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala. Ndani ya ngozi kulikuwa na giza na harufu ya samli, na Nanyori akawa msichana. Magoti yakaacha kuuma. Alisikia mama yake, aliyekufa zamani, akimwambia ainamishe kichwa. Alisikia kikohozi cha baba. Majani ya migomba yalimgusa mabegani, yakidondosha maji, na mkono uliomshika ulikuwa mpana na wenye joto. Wakashuka taratibu, kama bibi harusi anavyotakiwa kushuka, asije akaonekana ana haraka ya mume.

Wakavuka mfereji. Maji yakamuuma vidole kwa baridi. Ng'ambo ya mfereji ndipo kipande kilipoanzia, na roho yake ikamwomba baba: niachie hapa, baba. Niachie hapa, mwanangu apate pa kulima.

Mkono haukuachia.

Wakaendelea. Nyasi ndefu, kisha jiwe, kisha udongo laini uliozama chini ya nyayo. Alilia ndani ya ngozi, hakujua analilia harusi ipi. Baba akakohoa tena, mbali zaidi. Halafu vidole vikalegea, kimoja kimoja, na mkono wake ukabaki peke yake hewani.

"Hapa," alisema.

Akajifunua. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na nyuma yake kipande chote kilikuwa kimelala, upande wa kaka yake. Mbele yake alisimama Sumari, macho mekundu. Aliinama, akatenganisha kichaka kwa mikono miwili, na pale chini palikuwa na kisiki cha isale, kimeoza, kimetoa chipukizi moja.

Lengai alikwenda nyuma ya nyumba yake, akarudi na jani la isale, akampa mpwa wake kwa mikono miwili.

"Nilikuita mwizi, mpwa wangu. Nisamehe."

Isale la kuomba radhi halikataliwi. Sumari akalipokea.

Alipokuwa akifunga mzigo wake kwenda kwa Mzungu, mama yake alikaa mlangoni akimtazama.

"Ulijua mpaka ulipo," alisema.

"Baba alinionyesha nikiwa mtoto."

"Ungeniachia pale mferejini, ningesema hapa."

"Najua, mama. Lakini ulikuwa unatetemeka," alisema Sumari, akikaza kamba. "Ningekuachaje kwenye shamba la watu?"