Injini Ikiwa Baridi

Baba aliniletea gari kwa mara nyingine injini ikiwa imeshapata moto, na mimi nikafungua boneti kwa hasira kana kwamba lenyewe ndilo lililonikosea. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeshinda chini kwenye shimo la gereji nikipigana na giaboksi ya mtu mmoja asiyejua kubadili oili, mgongo unawaka, kucha zimejaa grisi. Halafu anakuja mzee wangu na shati lake lililopigwa pasi, anasimama kando ya kigari chake chekundu, anasema kwa sauti ya kuita watu mkutanoni:

"Sikiliza mwenyewe! Kuna kelele gani hapo?"

Hakukuwa na kelele. Injini ilikuwa inazunguka taratibu kama haijawahi kumsumbua mtu.

"Jirani yako anasema linagonga, Baba. Yule fundi cherehani. Kila alfajiri linamwamsha, linalia kama mtu anatikisa kopo la misumari."

Alinikazia macho usoni, tabia yake siku hizi, kisha akacheka. "Cherehani yake ndiyo mbovu!"

Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka.

Injini ile naijua, na sipendi mambo yake. Ni ndogo, silinda nne, lita moja nukta mbili, na ina tabo ya kuisukumia hewa. Petroli hainyunyiziwi nyuma ya valvu, vile vilango vya kuingizia hewa, kama kwenye injini za zamani. Nozeli zinaipuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo kubwa ajabu, ndiyo maana gari linakula mafuta kidogo na linakimbia kuliko umbo lake. Aliyeibuni apewe pongezi zake, kisha afungiwe gerejini aitengeneze mwenyewe. Kwa kuwa petroli haipiti tena kwenye valvu kuziosha, zinaota masizi mpaka injini inakosa pumzi. Pampu ya shinikizo nayo ina maringo, ukiweka petroli chafu inasusa. Na inakunywa oili kimyakimya, usipoipima huna habari.

Masizi nilikuwa nimeshayakwangua. Koili na plagi nilikuwa nimeshabadili. Nilichokuwa naogopa ni cheni ya taimingi, ile inayozipangia valvu na pistoni zamu zao. Cheni ikilegea hugonga asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa sababu usiku kucha oili imeshuka chini na kile kifaa cha kuikaza cheni hakina nguvu. Oili ikipanda, kelele inakwisha. Ukimletea fundi gari limeshapata moto, hata awe na masikio ya paka hatasikia kitu. Kisha siku moja cheni inaruka meno, pistoni zinagongana na valvu, na injini nzima inakuwa ya kuuzia watu wa chuma chakavu.

Na injini ile ingekufa, Baba naye angehamishwa. Kaka yangu alikuwa ameshakata maneno. "Hilo gari likimharibikia hakuna kulifufua," aliniambia kwenye simu. "Anakuja kukaa kwangu, nyumba ile tunaipangisha. Mimi nikimwambia lolote ametia pamba masikioni, ukimuuliza hili anakujibu lile. Nimechoka." Kaka anachoka akiwa amekaa kwenye kiti, lakini sikumbishia. Baba hakuwa anataka kuondoka kwenye nyumba aliyoishi na Mama, na bila gari asingeweza kukaa kule juu mlimani peke yake. Kwa hiyo nilikuwa na hakika kwamba anaificha kelele. Analipasha moto makusudi, analileta limetulia, anatupiga chenga.

"Liache lilale hapa," nilimwambia. "Kesho asubuhi naliwasha mwenyewe."

"Dereva halali mbali na gari lake."

"Baba, wewe ni mstaafu."

"Eeh, petroli ipo nusu tangi," akajibu, akaingia ndani ya gari.

Nikajisemea, huyu sasa anajitia hamnazo.

Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la wagonjwa, king'ora kikilia juu ya kichwa chake. Hospitali yao ilikuwa na utaratibu kwamba gari halisubiri mgonjwa likiwa baridi. Dereva anaamka kabla ya watu, analiwasha, analiacha linanguruma, anaweka kiganja juu ya boneti mpaka ajiridhishe. Alipostaafu alihamia na utaratibu huo nyumbani. Hana mgonjwa wa kumpeleka, hana pa kwenda, lakini alfajiri lazima awashe. Tulikuwa tukimtania, Mama akisema ameolewa na mume mwenye wake wawili, na yule wa nje ndiye anayeamshwa kwanza.

Hata siku aliyofariki Mama, Baba alikuwa uani na gari lake. Aliporudi ndani na chai alimkuta ameshakwenda. Kila aliyekuja kutupa pole alisimuliwa jambo moja. "Aliondoka kimya. Nilikuwa hapo nje tu, dirisha liko wazi. Angepata shida angeniita. Hakuniita." Alikuwa akishalisema hilo, mabega yanashuka, anaweza kula kidogo. Sisi watoto tulishukuru kwamba alikuwa na kitu cha kushika.

Basi nikaona dawa yake ni moja, nikalale kwake. Nilifika jioni na begi dogo na spana zangu. Redio ilikuwa inapiga kelele mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Nilimwamkia mlangoni, hakugeuka. Nikaingia jikoni, nikaita kuuliza chumvi iko wapi, kimya. Nikajua amenuna kwa sababu nimekuja kumpeleleza. Mimi nami nikanuna, maana kununa nimekurithi kwake. Tukala tukitazamana. Alinipa chumba walicholala na Mama, yeye siku hizi analala sebuleni. Nililala kwenye kile kitanda karibu na dirisha, nikaliacha wazi kwa joto, na uchovu ukanibeba.

Nilishtushwa na kelele. Fundi cherehani alikuwa amesema kopo la misumari, lakini mimi nilisikia chuma kinakula chuma, krrr-kra-kra, ukuta mzima ukiipokea. Nilingoja inyamaze, kama inavyonyamaza cheni iliyoanza kulegea. Haikunyamaza. Cheni ile ilikuwa imefika mwisho wake. Meno yangeweza kuruka pale pale.

Nikainuka kitandani, nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, amenipa mgongo, kiganja juu ya boneti.

"Baba! Zima!"

Hakutikisika.

"Baba! Zima gari! Baba!"

Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Upande wa pili wa ukuta jirani alifungua dirisha lake kwa kishindo. Baba alikuwa anapapasa boneti, ametulia, anatazama kunavyokucha. Na mimi nikiwa nimeshika fito za dirisha, magoti juu ya godoro la mama yangu, ndipo nilipoelewa. Hakuwa anatuficha kelele. Hakuwa ananuna, wala hakuwa ametia pamba. Kile king'ora kilikuwa kimekula masikio yake kidogo kidogo, na aliyokuwa akiyasikia aliyasoma midomoni mwetu.

Sikuwaza injini wala kaka yangu. Niliwaza mahali nilipokuwa nimepiga magoti, na dirisha lililokuwa wazi.

Nilitoka uani nikamgusa bega. Akageuka, uso umejaa furaha.

"Umesikia?" alisema, na cheni inasaga nyuma yake. "Limetulia kama maji mtungini!"

Niliingiza mkono garini nikazima. Akatazama mkono wangu, kisha uso wangu, na ile furaha ikaanza kumtoka.

"Linagonga?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sana?"

"Sana, Baba. Mpaka ndani."

Alisogea karibu anione vizuri mdomo. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Alipeleka macho kwenye dirisha la chumba, lililo wazi, na shuka nililoliburuta likining'inia nje. Baba yangu hakusoma sana, lakini si mzito wa kufikiri.

"Ulikuwa unaniita," alisema.

Ningekana, lakini jirani alikuwa bado amesimama dirishani kwake, ameshika kiuno, anatutazama wote wawili.

"Niliita."

"Umeita sana."

Aliendelea kulitazama lile dirisha. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya boneti, na injini ilikuwa imezimwa.

"Basi mama yako..."

"Hakukuita!" nilisema. Nikaona hakushika neno, alikuwa hanitazami. Nikamgeuza kwa mabega yote mawili, na ilinibidi niupigie kelele uongo wangu kama muuza samaki, mtaa mzima usikie. "Hakukuita, Baba! Alilala tu! Daktari aliniambia mwenyewe! Alikwenda usingizini!"

Hakuna daktari aliyeniambia kitu. Macho yake yalikuwa mdomoni mwangu mpaka nilipomaliza, na baadaye pia, kana kwamba kulikuwa na neno lingine linakuja. Kisha akanifuta shavu kwa kidole gumba. Sikuwa najua kama ninalia.

"Ahsante, mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini ambayo nilikuwa sijaisikia kwake kwa muda mrefu.

Akachomoa ufunguo, akaniwekea kiganjani, akaufunga mkono wangu juu yake.

"Mwambie kaka yako aje anichukue."

"Cheni inabadilishwa, Baba. Ni kazi ya kawaida. Na masikio yana vifaa vyake, tutakwenda kupimwa..."

Lakini alikuwa ameshanipa mgongo, anaelekea ndani, na maneno yangu hayakuwa na pa kwenda.

Kaka alikuja akamchukua. Kifaa cha masikio alipata. Kaka anasema hukivaa mezani tu, akienda kulala hukivua kabla ya kuzima taa. Cheni niliibadilisha, pamoja na kile kifaa cha kuikaza. Gari liko kwangu, na alfajiri naliwasha mwenyewe, injini ikiwa baridi. Naweka kiganja juu ya boneti, nasikiliza. Haligongi.