Viatu vya Milimani kwenye Baiskeli ya Lami

Nilisikia kwamba huko Msowero kijana kafa na baiskeli. Walisema kavaa viatu vinavyojifunga kwenye pedali, lori likamjia, akashindwa kuchomoa mguu. Aliyeniambia hakumjua kijana huyo, wala aliyemwambia yeye hakumjua. Hata hivyo maneno yale yalinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Nikila yapo, nikisali yapo.

Viatu vya namna hiyo vilikuwa nyumbani kwangu. Binti yangu Yudith alikuwa anajiandaa na mashindano ya baiskeli, Kilosa mpaka Mikumi. Baiskeli yake ni ya lami, tairi nyembamba, lakini pedali na viatu ni vya baiskeli ya milimani. Kiatu kina soli ya meno, na katikati kimezama kibati. Akikanyaga, kibati kinanasa kwenye pedali, ka!

Nikavichukua, nikavifukia ndani ya gunia la mahindi. Nikasema sasa mwanangu kapona.

Yudith alivitafuta, akachoka, akavaa kandambili akaenda mazoezini njia ya Zombo. Pedali zile ni ndogo kama kiberiti, kandambili haina pa kushika. Kwenye mteremko mguu ukateleza. Bodaboda ndiyo iliyomrudisha, goti limepasuka.

"Mama, viatu vyangu viko wapi?"

Nikamwonyesha gunia. Sikuwa na uso wa kumtazama.

"Si ungepanda mwenyewe ukaona kama vinaua?"

Alisema kwa hasira, mimi nikachukulia kweli. Nikavaa viatu, nikakunja kitenge, nikapanda huku nimeshika ukuta wa jiko. Ka! Nikapiga yowe mpaka jirani yangu Scholastica akachungulia.

"Usivute juu, Mama!" Yudith akasema. "Peleka kisigino nje!"

Nikapeleka. Mguu ukatoka. Nikarudia mara ishirini.

"Mama Yudith," Scholastica akasema, "kumbe anayekwenda Mikumi ni wewe!"

Kesho yake nikampelekea viatu fundi Hussein. Akavigeuza, akanionyesha skrubu mbili za kibati. "Moja ikidondoka, shemeji, kisigino kitazunguka lakini kibati kitabaki kimenasa. Hapo ndipo mtu anakwama." Akazikaza zote mbele yangu. Kumbe hofu yangu ilikuwa na pa kuanzia, ila nilikuwa nimeipeleka kwenye gunia badala ya kwa fundi.

Goti likapona. Siku ya kuandikisha majina, Samwel, kiongozi wa waendesha baiskeli, akavitazama viatu akacheka.

"Shikamoo, mama. Viatu vya milimani kwenye baiskeli ya lami? Hiyo ni gambuti harusini. Atatuaibisha, tumtoe."

"Marahaba. Harusi yenyewe iko kwenye tope, baba. Mtoe, halafu mimi nitakaa hapa katikati ya barabara, nione baiskeli ipi itapita."

Watu wakacheka. Jina likabaki.

Siku ya mashindano, mbele ya Zombo, mvua ilikuwa imekata barabara, wote wakashuka. Samwel, mwenye viatu vya soli laini na kibati kilichochomoza, akavivua akatembea peku juu ya kokoto, viatu mkononi. Yudith akampita anakimbia, baiskeli begani. Mikumi alifika wa tatu kwa wanawake, tope mpaka kwenye nyusi. Mwakani anakwenda tena, na mtu asinijie na maneno.

Mama mwenzangu, wako akitaka viatu hivi, epukeni haya:

Usimfiche viatu.
Asipande pedali hizo na kandambili.
Asijifunzie kwenye barabara ya malori. Aanze kando ya ukuta.
Asivute mguu juu.
Asingoje baiskeli isimame ndipo achomoe.
Springi ya pedali, ile inayobana kibati, isikazwe sana kwa anayeanza.
Asinase mguu wakati kibati kina tope. Agonge kiatu kwanza.
Asitoke nyumbani kabla ya kukagua skrubu, zote mbili, kila kiatu.