Fungu la Tussa

Nyama ilikwisha kukatwa na kupangwa mafungu juu ya meza ndefu, kila fungu na kipande chake cha paja, mbavu zake na kipande chake cha shingo, na Gunvor akageukia ukuta kama ilivyo desturi, ili ataje wenyewe bila kuyaona mafungu. Ulikuwa ukuta wa mbao za msonobari, wenye msumari mmoja wa kutundikia kamba. Alikuwa akiutazama kila msimu wa windo tangu mumewe Olle alipokuwa hai, maana watu wa Kolartorp walikubaliana zamani kwamba Gunvor hana upendeleo, na kijijini mtu asiye na upendeleo akishapatikana hapewi nafasi ya kupumzika.

Nyuma yake Ragnvald, kiongozi wa wawindaji, aligusa fungu la kwanza kwa ncha ya kisu.

"Hili la nani?"

"La Ingemar," Gunvor aliuambia ukuta.

"Na hili?"

"La Rikard."

"Hili je?"

"La Tussa."

Visu viliacha kukwaruza meza. Tussa alikuwa mbwa wa Gunvor, na huko mwenye mbwa wa windo hupata fungu la pili kwa jina la mbwa wake. Lakini Tussa alikuwa amezikwa wiki iliyopita nyuma ya ghala. Jina lilimtoka Gunvor kwa mazoea, na katika kibanda kile cha wawindaji jina likishatoka halirudi.

"Asiyekuwapo na lake halipo," Ingemar alisema kwa upole.

Mlango ukasukumwa na pua. Tussa akaingia, udongo masikioni, akapita katikati ya mabuti ya watu, akakaa mbele ya fungu lake. Ingemar alisogeza ndoo ya damu asije akaipiga teke.

"Basi yupo," akasema.

"Jina limeitwa," alisema Ragnvald. "Fungu ni lake. Hili la nani?"

Wakaendelea mpaka meza ikaisha. Rikard, aliyemwoa binti wa Ragnvald, alikuwa akifuta kisu kilichokwisha kuwa safi.

Tussa alikufa siku ya pili ya windo. Alikuwa amempata kulungu bondeni, dume la misitu ya Vermland ambalo mabega yake humpita farasi, akasimama mbele yake akibweka ili lisiondoke. Ndiyo kazi ya mbwa wa huko: hamng'ati mnyama, humpigia kelele tu hadi wenye bunduki wafike. Gunvor alikuwa upande wa pili wa kilima. Alisikia risasi, akadhani kulungu ameanguka. Kisha akamwona Rikard anapanda taratibu, amebeba kitu ndani ya koti lake.

"Mbwa-mwitu," alisema Rikard. "Nilifyatua hewani niwafukuze. Nimechelewa, Gunvor. Nisamehe."

Ragnvald akamshauri asilifungue koti, amkumbuke mbwa wake alivyokuwa. Walimzika alasiri ile ile na koti lenyewe. Wote walikuja, na Rikard ndiye aliyechimba zaidi, hakutaka kupokewa koleo. Gunvor aliwapa kahawa na mikate ya iliki, akalia mbele yao bila kuona haya.

Hakuna aliyekuwa na shaka, kwa kuwa mbwa-mwitu walikuwa wamerudi kweli. Vizazi vilipita watu wakiwajua kwa hadithi tu, kisha baridi moja nyayo zikaonekana juu ya barafu ya ziwa, na tangu hapo hapakuwa na kikao cha kahawa kisichowataja. Mjini waliwapenda, kama mtu anavyompenda jirani anayekaa mbali. Kolartorp walikuwa na maoni mengine. Ragnvald aliwaita wezi, kwa sababu ndama wa kulungu walikuwa wakipungua na mbwa wawili wa kijiji cha jirani walikwisha kuraruliwa. Ingemar alisema ni wawindaji wenzao ambao hawajawahi kuja kwenye mkutano. Wazee hawakuwataja kabisa, walisema Miguu-Kijivu, maana ukimwita kwa jina lake atadhani umemkaribisha. Gunvor mwenyewe aliwaogopa. Pia aliwahi kuona nyayo zao asubuhi moja nyuma ya ghala akafurahi, na furaha hiyo hakumwambia mtu.

Baada ya siku ya mafungu, Tussa alirudi kila jioni. Mchana alishinda msituni. Kola yake yenye mtambo wa kuonyesha mbwa yuko wapi ilining'inia ukumbini kwa Gunvor, imezimwa, lakini nukta yake iliendelea kutembea kwenye simu za wawindaji wote, ikizunguka ziwa, ikivuka kinamasi, ikilala saa za adhuhuri.

"Mbwa wako anamaliza betri yangu, mama," Ingemar alilalamika dukani.

"Mfute."

"Nimemfuta. Karudi."

Giza lilipokaribia, nukta ilikuja hadi uani, na Tussa alikwaruza mlango. Hakuja peke yake. Mbwa-mwitu jike, mkubwa, mwenye sikio moja lililochanika, alimsindikiza hadi langoni, akakaa chini nje ya lango kama mtu aliyemleta mtoto wa mwenzake kutoka shule. Huyo alikuwa hai. Pumzi yake ilionekana kwenye baridi. Alingoja mpaka mlango ufunguliwe, kisha akaenda zake. Siku za mwanzo Gunvor alibaki ndani. Baadaye akawa anatoka barazani na kumwambia, "Haya, amefika."

Jioni moja alimwosha Tussa udongo. Ubavuni, upande wa kushoto, palikuwa na tundu dogo la mviringo ambalo kidole cha shahada kingelijaza. Upande wa kulia palikuwa na tundu jingine, pana, la kuchanika. Tussa alipokunywa maji, sehemu yake ilimtoka huko na kulowesha mkeka. Gunvor aliupapasa mwili mzima, shingo, mapaja, tumbo. Hakukuta alama ya jino hata moja. Alikuwa amechuna wanyama maisha yake yote, na hakuhitaji kuambiwa alichokuwa akikitazama. Alikaa sakafuni na taulo mapajani, na hasira ikampanda pole pole.

Kesho yake akampigia simu Ragnvald. Ragnvald alikuja, akavua buti, akapiga magoti na kumkuna Tussa shingoni.

"Tundu hili si la jino," alisema Gunvor.

"Mwenye macho haambiwi tazama, Gunvor."

"Ulijua?"

"Rikard aliniambia pale pale bondeni. Ile fulana ya rangi ya chungwa ya kumtambulisha Tussa ilinasa kwenye tawi ikabaki. Akatokea mbwa wa kijivu kwenye msitu wa kijivu. Rikard akaona Mguu-Kijivu, akafyatua."

"Kwa hiyo alitaka kuua mbwa-mwitu bila kibali, akaua mbwa wangu."

"Ukiliweka hivyo, linakuwa makosa mawili." Ragnvald alikaa kitini. "Tumeomba kibali cha kumuua yule jike. Afisa wa wanyamapori atakuja Alhamisi, na atakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye mwenye mbwa. Ukisema ni mbwa-mwitu, basi. Ukisema ni bunduki, Rikard ananyang'anywa bunduki na pengine anafungwa. Pale karakana anakofanya kazi hawatamngoja. Atahamia mjini na binti yangu na watoto, na hapa tutabaki sisi vikongwe kuzikana mpaka atakayekosa wa kumzika."

"Na yule jike kakosa nini?"

"Hakosi la kukosa. Ni mbwa-mwitu." Akainuka, akatafuta buti zake. "Nani anakufungulia barabara theluji ikianguka? Sikutishi. Nakuuliza tu."

Hakuwa akimtisha, na hilo ndilo lililomuuma Gunvor. Barabara yake ilifunguliwa na Rikard kwa trekta, kila baridi, bila kuombwa. Watoto wa Rikard walimwita bibi. Tangu Olle afe, hakuna mguu mwingine uliokanyaga jikoni mwake isipokuwa wa hao watu waliokuwa wakimtaka aseme neno moja.

Alhamisi afisa alifika alasiri, mama wa makamo mwenye mafua. Wawindaji walikuwa wamekwisha kujibana jikoni. Tussa siku hiyo alirudi mapema, akajilaza miguuni pa Gunvor, ubavu wa kushoto juu.

"Huyu ndiye marehemu?" aliuliza afisa.

"Ndiye," alisema Ragnvald.

"Kwa kawaida nahitaji kuona mzoga."

"Si unauona."

Afisa aliinama, akayainua manyoya kwa kalamu, akatazama. Alitazama kwa muda wa kutosha.

"Tundu ni moja," alisema.

"Hawa wa siku hizi wana jino moja," alisema Ingemar, na watu wawili watatu wakacheka puani. Rikard hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na jiko la kuni, uso umemwiva, na Gunvor alimhurumia, akajichukia kwa kumhurumia.

"Mimi sipigi ramli," alisema afisa, akipenga kamasi. "Utaratibu unasema mbwa akikosa kuzikika, nimuulize mwenye mbwa. Mama, mbwa wako ameuawa na nini?"

Gunvor alimtazama Tussa. Kupitia dirisha aliweza kumwona na yule jike, amekwisha kukaa langoni, anapiga miayo. Alikuwa ameliandaa jibu lake tangu Jumatatu. Alilisema mara nyingi akiwa peke yake, kwa sauti, akikata kuni.

"Mbwa-mwitu," alisema.

Tussa aliinua kichwa, akamtazama bibi yake, akakilaza tena.

"Asante," alisema afisa. "Kahawa hiyo ni ya wote?"

Kibali kilitoka. Hapakuwa na haja ya kumsaka yule jike msituni, maana kila mtu alijua jioni anakaa wapi. Rikard alikuja na bunduki, akagonga mlango, akaomba ruhusa ya kusimama barazani.

"Ingawa sistahili," alisema.

"Simama," alisema Gunvor. Akaingia ndani, akaishika birika isiteleze jikoni wakati wa mlio. Tussa alikuwa bado kwenye ngazi. Risasi ilikuwa moja, nzuri, na jike alijilaza palepale alipokuwa amekaa, hata hakugeuka. Wakamchukua kwa gari la Ragnvald. Mtu wa gazeti alikuja akapiga picha ya lango.

Jioni ya kesho yake Tussa alikwaruza mlango, na Gunvor alipofungua waliingia wote wawili. Alipokuwa hai, jike alikuwa na adabu ya kubaki nje. Sasa aliingia moja kwa moja, akanusa jiko, akazunguka mara moja, akalala karibu na Tussa, tundu lake karibu na la mwenzake. Gunvor aliyapima kwa kidole. Kidole kilijaa sawasawa katika yote mawili. Akaenda kutoa mkeka mwingine kabatini.

Kijiji kilizoea. Ragnvald akija aliwaruka bila kukatiza maneno. Ingemar alimbatiza jike jina la Katibu, kwa kuwa, alisema, hatimaye amehudhuria kikao. Watoto wa Rikard walimvuta lile sikio lililochanika, na bibi yao akawakataza wasimtie vidole tunduni. Wawindaji waliposikia kwamba jozi nyingine ya mbwa-mwitu imeonekana ng'ambo ya ziwa, walianza kuzungumzia kibali kingine, na walizungumza hayo jikoni kwa Gunvor, mabuti yao yakiwa ubavuni mwa Katibu, na yeye amelala.

Rikard mwenyewe alikuja mwishoni mwa baridi, amemaliza kuondoa theluji. Alikuwa akiishia mlangoni siku zote. Siku hiyo aliingia, akakaa, akapewa kahawa. Katibu aliinuka, akajinyoosha, akaweka kidevu juu ya buti lake. Rikard aliuacha mguu pale pale.

"Mkia," alisema. "Mtoto mdogo wa huku anajua. Mkia wa mbwa hujikunja mgongoni, wa hawa huning'inia. Sikuutazama mkia, Gunvor. Niliona rangi tu."

"Najua."

"Nilitaka ulisikie kutoka kwangu."

"Nimelisikia."

Rikard alimaliza kahawa yake, akashukuru, akachomoa buti chini ya kidevu cha mnyama kwa uangalifu asimwamshe, akaenda kumfungulia Ingemar barabara.

Gunvor aliosha vikombe. Kisha alikaa sakafuni kati ya Tussa na Katibu. Kumchukia Rikard kulikuwa kumeanza kumshinda, na palipotoka chuki hiyo alijikuta mwenyewe, na neno lake moja.

"Nilisema mimi," aliwaambia. "Siyo yeye. Mimi."

Tussa alimlamba kiganja. Katibu alifumbua jicho, akamtambua, akalifumba. Gunvor akasogeza mkono mpaka vidole vikagusa meno ya jike, akauacha hapo. Angeshukuru kwa mngurumo mmoja tu, hata mdogo. Jioni zilifuatana, na kila jioni aliuweka mkono pale, na wao wakalala.