Pa Chini ni Wapi?

Mimi mzaliwa wa maghorofa ya Busan, nyumba za udongo nilikuwa sizijui hata kidogo. Lakini mume wangu Dalsu aliamua kujenga nyumba ya viroba huku milimani kwao Jongson, basi nikashika koleo. Tulijaza udongo kwenye viroba vya mpunga, tukavipanga, tukavishindilia, tukalaza seng'enge kati ya safu na safu. Nje tukaongeza viroba vya pumba kuzuia baridi. Kiuno changu, jamani! Yote hayo kwa ajili ya mama mkwe, maana paa la nyumba yake lilishabonyea, na theluji ya mwaka huu lisingeibeba.

Siku ya kumwonyesha, alizunguka chumba, akasimama.

"Pa chini ni wapi?"

Nikamwonyesha msingi. "Mawe matupu, Mama. Unyevu haupandi."

"Nimekuuliza msingi mimi? Dalsu, pa chini ni wapi?"

"Hapapo tena, Mama!" Dalsu alicheka kwa raha. "Mambo ya kuni yameisha. Nimepitisha mabomba ya maji moto sakafu nzima. Popote utakapolala pana joto."

"Basi sihami."

Akavaa viatu, huyo, akaenda zake. Tukabaki tunatazamana kama mazuzu.

"Pa chini ni upande wa jiko," Dalsu akaniambia. "Moto wa kuni unapita chini ya sakafu, na pale ndipo penye joto kuliko kwingine. Wazee ndipo wanapolala."

"Mama yako analala mlangoni!"

"Ndiyo maana sielewi."

Mimi ndiyo kabisa. Kule kwake, upande huo wa jiko palikaa blanketi lililokunjwa tu, na chini yake bakuli la wali. Miaka yote nilidhani ni kiporo.

Mawingu ya theluji yalipoanza kujikusanya, uvumilivu ukaniisha, nikamfuata. Dalsu akaja nyuma yangu.

"Mama, paa likuangukie kwa sababu ya kiporo?"

"Kiporo?" Alinikazia macho. "Hiki ni chakula cha Manbok."

Manbok ni kaka yake Dalsu. Alipanda meli ya kuvua ngisi kabla sijaolewa, na meli haikuonekana tena.

"Hiyo sakafu yenu ya vuguvugu haiwezi kuuweka wali ukabaki moto," Mama alisema. "Mwanangu arudi na baridi yote hii, ale wali uliopoa?"

Dalsu akageuka, akatoka. Nilipomkuta kwenye nyumba mpya alikuwa anang'oa viroba vya chini ukutani ili ajenge jiko la kuni la kupasha sakafu, analia waziwazi.

"Nilidhani analala mlangoni kwa sababu ya magoti yake," alisema. Nikashika koleo tena.

Mama alihamia theluji ikianguka, bakuli kifuani. Akaliweka pa chini, akalifunika, kisha akatandika godoro lake mlangoni. Nilichoka mno hata kubishana. Nikajilaza kando ya bakuli, mgongo ukapata joto.

"We, toka hapo!" Mama alifoka. "Shemeji yako ana miguu mirefu."

Nikasogea.