Tutasimama Tukirudi

Asubuhi ya Jumanne, baada ya uji wa shayiri, Orville Haugen alikuwa anasuuza kikombe chake cha kahawa alipoona kupitia dirisha la jikoni kwamba samaki amefika. Alikuwa samaki wa saruji, mrefu kama lori, mwenye ngazi ya chuma inayopanda hadi mdomoni ili watoto wasimame kati ya meno na kupigwa picha. Mkia wake ulikuwa umelalia vitunguu vya Marlys. Orville alikausha kikombe, akakitundika mahali pake, kisha akamwita mkewe.

Marlys alimtazama samaki kwa muda. "Ni yule wa Renae," alisema.

Ndiye. Renae, binti yao, alimwona alipokuwa na miaka saba, kando ya barabara kaskazini mwa Minnesota, akaomba wasimame. Siku hizo Orville aliendesha gari la kusukuma theluji la kaunti, na majira yote ya baridi alikwenda mwendo wa kobe. Likizo ya kiangazi ilipofika hakutaka kusimama kabisa. Aliwapakia mke na watoto kabla hakujapambazuka, mikate na nyama ikiwa kwenye sanduku la barafu, na yeyote aliyeomba jambo njiani alijibiwa kwa upole uleule: "Tutasimama tukirudi." Wakirudi walipita barabara nyingine, kwa sababu Orville hakuona maana ya kuitazama barabara moja mara mbili. Hakuwa mtu mkali. Akina baba wote wa mtaa ule waliendesha hivyo, na Jumapili baada ya ibada, kahawa mkononi, walisimuliana jinsi walivyofika mapema. Hakuna aliyeuliza walikuwa wanawahi nini.

Jirani yao Duane alikuja na futi ya kupimia.

"Mzee mwenzangu, samaki wako ananichungulia nikioga."

"Basi ana moyo mgumu," Orville alisema.

Duane akapima, akakuta pezi moja limevuka mpaka, akasema ingekuwa mbaya zaidi kama angekuwa nyangumi. Akaenda zake.

Kabla ya wiki kwisha likafika banda la pai za matofaa, pamoja na mwenyewe, mama mnene aliyesema aliwaona wakipita na kwamba mtoto wa nyuma alikuwa anapunga mkono. Akafuata dubu mzee ndani ya kizimba chake. Kisha ikaja moteli ndogo yenye bwawa la kuogelea, ambayo mwana wao Curtis aliililia kutoka mji wa Bismarck mpaka mpakani mwa Montana. Orville alikata nyasi kuvizunguka vyote. Jioni alikaa uani na kipande cha pai, akawa anakumbuka safari zile kwa furaha, na kusema si haba, familia yao ilitembea sana.

Renae alipokuja, mwenye miaka hamsini na miwili na goti bovu, alipanda ngazi akasimama mdomoni mwa samaki. Ilibidi ainame. Orville alimpiga picha. Renae akaitazama, akasema asante, Baba, kisha akaomba msaada wa kushuka.

Marlys hakupanda wala hakuogelea. Alifagia upande wa uani penye kamba ya kuanikia nguo, akapanga viti pale ili pasijae. Orville alimuuliza viti ni vya nini.

"Kuna mtu hajafika," alisema Marlys.

Orville hakuuliza tena. Alijua. Mwaka ule wa safari ya milimani walipita Dakota Kaskazini, mbele ya nyumba ya Borghild, mama yake Marlys. Marlys alikuwa amempigia simu kwamba watapita kunywa kahawa. Lakini mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma yao, na Orville alitaka kuyatangulia. Borghild alikuwa dirishani, ameshika pazia. Marlys alipunga mkono. "Tutasimama tukirudi," Orville alisema, na alikusudia hivyo. Wakarudi kwa barabara ya kusini. Borghild alifariki Oktoba, watu wakivuna viazi.

Nyumba ilifika Jumapili, walipokuwa kanisani. Ilikuwa imekaa sawasawa mahali palipofagiliwa, na viti vilikuwa vimesogezwa kando kwa adabu. Marlys hakubadilisha nguo. Alichana nywele zake nyeupe, akavuka uwanja, akabisha hodi.

Borghild alikuwa dirishani na gauni lake la buluu. Mezani kulikuwa na vikombe vizuri, vile vya maua, na chapati nyembamba za viazi chini ya kitambaa, bado zina joto.

"Mama, tumekuja," alisema Marlys.

"Karibu, dada, keti," Borghild alisema bila kugeuka. "Utaniwia radhi. Namngoja binti yangu na wanawe."

"Ni mimi, Mama. Marlys."

Borghild alimtazama. Alimwona mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Akatabasamu, akampa pole ya jua, akammiminia kahawa katika kikombe cha kawaida. Vile vya maua, alieleza, vilikuwa vya wageni.

Marlys alikunywa. Kisha alitoka akamweleza Orville, ambaye alikuwa amesimama karibu na dubu. Hakulaumu. Alisema tu kwamba mama anaangalia barabara.

Orville akachukua funguo. Alitoa gari, akazunguka mtaa mzima, akaja polepole kutoka upande ambao wangetokea mwaka ule. Akawasha indiketa. Akasimama mbele kabisa ya dirisha na kuzima injini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika safari yoyote pasipo sababu ya mafuta.

Ndani, Marlys alimgusa mama yake bega. "Tazama, wamefika."

Borghild alisogeza pazia, akalikagua gari, na dereva wake.

"Sio wao," alisema. "Mkwe wangu hasimami."

Akarudisha macho barabarani.

Nyumba haikuondoka. Duane alipima, akakuta haijavuka mpaka. Kila alasiri Marlys huvuka uwanja, hukaa na mama yake na kumsaidia kungoja. Orville naye hutoa gari, huzunguka mtaa, huwasha indiketa na kusimama. Borghild huangalia, hutikisa kichwa. Jua likishuka, Marlys humpelekea Orville kahawa palepale garini, katika kikombe cha kawaida.