Uzio wa Mihina

"Mamã Zainabo," alisema chefe Virgílio, akiwa amesimama nje ya uzio wangu asubuhi ile, "mpaka alasiri uzio huu uwe kiunoni. Usipoukata, nitakuja na watu wa mapanga tuukate wenyewe."

Virgílio ndiye mkuu wa nyumba zetu hapa Quitunda, kijiji tulichohamishiwa. Si mtu mbaya, ila anapenda amri kama wengine wanavyopenda sukari. Safari hii lakini hofu ilikuwa ya wote. Juzi mtu asiyejulikana alikutwa amejibanza nyuma ya uzio wa jirani, akatimka, na tangu hapo mtaa mzima unalala jicho moja wazi. Tuliokwisha kukimbia vita mara moja hatutaki kukimbia tena.

"Mwanangu, humu ndani mna mwenye eda," nikamwambia.

"Najua, mamã. Ordem ni ordem, amri ni amri."

Mwenye eda ni Dalila, mke wa mwanangu Amade, aliyefariki kwa homa miezi mitatu iliyopita. Miezi minne na siku kumi mjane haonekani na wanaume wa nje. Na hizi nyumba za bloko tulizopewa tulipohamishwa zimesimama peupe, choo na bafu viko uani, njia ya watu iko pembeni. Sitara yake ilikuwa uzio ule tu. Mwanangu sikuweza kumponya. Eda ya mkewe niliapa itaisha salama, na zilikuwa zimebaki siku thelathini na tisa.

Nilikaa kizingitini na hasira zangu. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Wenzangu walichomeka vijiti vyao wakaviacha vikimbilie juu. Mimi nilichomeka mihina safu mbili, kila mche ukiziba pengo la mwenzake, na ilipofika gotini nikaikata nusu. Walinicheka. Kila nilipokata, tawi moja lilitoa mawili. Nikauacha uzio chini mpana na juu mwembamba, ili jua liyafikie majani ya chini. Ndiyo maana uzio wa Virgílio ni kama ndevu za mbuzi, na wangu hata kuku hapenyi. Na ndiyo maana mtu akichutama nyuma yake haonekani.

Hapo akili ikanijia. Anayejificha huchutama, lakini Dalila anakwenda chooni kwa kutembea wima.

Nikachukua mkasi wa kupogolea na kisu, nikapiga magoti. Juu sikugusa. Nilianzia chini, nikaondoa kila tawi na kila jani kutoka ardhini mpaka usawa wa goti, nikabakiza mashina matupu. Mhina uliokomaa una miiba. Ilipofika adhuhuri viganja vilikuwa vinavuja damu. Kazi ya miaka sita niliibomoa kwa mkono wangu, na nilijua pale chini kivulini majani hayatakuwa mazito tena. Iliniuma sana.

Alasiri Virgílio akaja na wanaume wawili wenye mapanga, nami nikawatokea nje. Akatazama juu, akakunja uso.

"Mamã, nilisema kiunoni."

"Unataka kumwona anayejificha, au unataka kukata tu? Inama uone."

Akainama, mikono magotini. Ua wote ulionekana mpaka ukuta wa bafu. Alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaganda.

"Kuna mwanamume humu."

"Hamna mwanamume."

"Miguu ile ya nani? Wewe! Sema jina lako! Toka!"

Mapanga yakainuka. Dalila, aliyekuwa uani, hasemi na wanaume wa nje, na hofu nayo ilikuwa imemfunga mdomo. Mmoja wa wale wawili alikuwa ameshaanza kukata pa kupenyea. Nilipiga magoti niwaonyeshe kwamba ni mkwe wangu tu, nami nikaona.

Makubadhi makubwa ya ngozi, la kulia limeshonwa kwa waya. Miaka mingi nimeyasikia yakiburutwa uani kwangu. Kwa pumzi moja, Mungu anisamehe, sikukumbuka kaburi.

"Amade!" nikaita. "Umerudi, baba?"

Virgílio alinigeukia, ukali wote umemtoka usoni. Siku ya maziko alikuwa makaburini pamoja nasi.

Nyuma ya mihina sauti ya kike ikapasuka kwa kilio. "Ni mimi, mama. Nayavaa nikija uani tu. Nisamehe, nitayavua."

Virgílio akawaashiria wenzake washushe mapanga. "Uzio ubaki hivi hivi," akasema taratibu, akaondoka nao.

Mimi sikuinuka. Nilipenyeza mkono kati ya mashina, miiba ikanikwaruza, mpaka nikalishika kubadhi moja na mguu wake ndani, mdogo, wa baridi.

"Usiyavue," nikasema. "Vaa, mwanangu. Tembea nisikie."